Wang Wei wanne, Li Na watano: kwa nini majina ya Wachina mashuhuri hugongana

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nasoma Kichina mwaka wa pili, hapa Dodoma. Tumepewa kazi ya kuandika kurasa tatu juu ya Wang Wei. Nimetafuta mtandaoni nikakuta mshairi wa zamani sana, mwanamke ambaye naye ni mshairi, rubani wa ndege ya vita, na bilionea wa kampuni ya kusafirisha vifurushi. Wote Wang Wei! Je, ni ukoo mmoja? Kwa nini watu maarufu wa China wanafanana majina hivi, na nitajuaje nani ni nani?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka: andika kuhusu mshairi wa enzi ya Tang. Mtu wa fasihi akisema "Wang Wei" bila kuongeza neno, anamtaja huyo. Undugu usiutafute. Jina la ukoo Wang, ambalo maana yake ni mfalme, leo lina watu takriban milioni 100. Kulishiriki hakuwafanyi watu ndugu, kama Hassan wa Tanga na Hassan wa Kigoma wasivyo ndugu.

Ila swali lako limegusa jambo zito zaidi, pengine bila wewe kukusudia. Hao wanne si wajina hata kidogo. Wakusanye chumba kimoja, mwite mmoja wao kwa Kichina sahihi, na atakayegeuka ni yeye peke yake.

Chukua neno letu "paa". Likiandikwa peke yake hujui kama ni paa la nyumba, paa wa porini, au ndege ndiyo inapaa. Kinachotuokoa ni kile kinacholifuata: la, wa. Kichina hakina ngeli. Kinachotenganisha maneno yake ni herufi yenyewe, ile hanzi, pamoja na toni ya sauti. Sasa mtandao unapoandika majina kwa pinyin, yaani herufi za Kilatini, tena bila alama za toni, unawavua watu vitambulisho vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Wanabaki "Wang Wei", uchi.

Hebu tuwavalishe upya. Na bahati iliyoje, wanne wako wamekaa mmoja mmoja katika toni zote nne za Kichina; tangu nianze kufundisha sijapata mfano mzuri kuliko huu.

Toni ya kwanza, iliyo juu na iliyonyooka: Wáng Wēi (王微), mwanamke wa mwishoni mwa enzi ya Ming, katika nusu ya kwanza ya karne ya 17. Alikuwa miongoni mwa wale wanawake wa burudani waliosomeshwa muziki na ushairi, na mashairi yake yakaheshimiwa na wasomi wanaume wa zama zake. Alisafiri sana, akajipa jina la Kitao, dini ya kale ya China, lenye maana ya mcha-Tao avaaye nyasi. Herufi yake, 微, maana yake ni kitu kidogo, chembamba.

Toni ya pili, inayopanda kama ya mtu anayeuliza: Wáng Wéi (王维), mshairi wako, aliyefariki mwaka 761. Huyu nitakaa naye kidogo, maana jina lake limefumwa kwa ufundi. Zamani msomi wa Kichina akifikia utu uzima alipewa jina la pili, jina la heshima, linaloitwa zi. La kwake lilikuwa Mojie. Sasa unganisha Wei na Mojie: unapata Weimojie, ambavyo ndivyo Wachina wanavyomwandika Vimalakirti, yule tajiri wa maandiko ya Kibuddha aliyeishi nyumbani kwake kama watu wengine lakini akawashinda watawa kwa hekima. Wang Wei aliishi vivyo hivyo: mtumishi wa serikali, mchoraji, mwanamuziki, Mbuddha wa dhati, mwenye nyumba ya shamba kando ya mto Wang huko Lantian, karibu na mji mkuu Chang'an. Uasi wa An Lushan ulipoanza mwaka 755 alikamatwa na kulazimishwa kuwatumikia waasi. Amani iliporudi alikabiliwa na adhabu. Kilichomwokoa ni shairi la majonzi alilolitunga akiwa mateka, pamoja na mdogo wake Wang Jin aliyejitolea kushushwa cheo ili kaka yake asamehewe. Ukiandika hayo katika kurasa zako tatu, hakuna atakayemchanganya na rubani.

Toni ya tatu, inayoshuka kisha kuinuka: Wáng Wěi (王伟), huyo rubani. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege yake ya J-8 iligongana na ndege ya upelelezi ya Marekani, EP-3, karibu na kisiwa cha Hainan. Wamarekani 24 walitua salama Lingshui wakashikiliwa siku 11. Yeye hakupatikana tena. Herufi 伟 maana yake ni mkuu, mwenye adhama.

Toni ya nne, inayodondoka ghafla: Wáng Wèi (王卫), mwanzilishi wa SF Express. Mwaka 1993 alianza Shunde, mkoani Guangdong, akivusha vifurushi kati ya bara na Hong Kong. Herufi yake, 卫, ni kulinda.

Kwa hiyo hapo kosa ni la alfabeti, wala China haina lawama. Lakini usidhani kwamba wajina wa kweli hawapo. Wapo, tena tele, na hapa ndipo mambo yanaponoga.

Li Na ndiye mfano ninaoupenda. Herufi zile zile, 李娜, toni zile zile. Wa kwanza ni mcheza tenisi aliyezaliwa Wuhan mwaka 1982, Mwasia wa kwanza kutwaa taji la mmoja mmoja la Grand Slam, Paris mwaka 2011, kisha akaongeza la Australia mwaka 2014. Wa pili ni mpiga mbizi aliyezaliwa 1984, mwenye dhahabu ya Olimpiki ya Sydney 2000 katika kuruka wawili wawili kutoka jukwaa la mita 10. Wa tatu ni mcheza vitara aliyezaliwa 1981, mwenye shaba ya timu kutoka Sydney hiyo hiyo na dhahabu ya timu kutoka London 2012. Wa nne ni mwendesha baiskeli za uwanjani, bingwa wa dunia wa mbio za keirin mwaka 2002. Fikiria mtangazaji wa redio Beijing mwaka ule wa Sydney: michezo ile ile, nchi moja, Li Na wawili wanarudi na medali, na mmoja hajawahi kushika upanga wala mwingine kuruka majini.

Wa tano yuko nje ya michezo. Ni mwimbaji aliyezaliwa mwaka 1963, mwenye sauti kali ya juu iliyomfanya apendwe nchi nzima kwa wimbo juu ya uwanda wa juu wa Tibet. Mwaka 1997, akiwa kileleni, aliacha muziki akawa mtawa wa Kibuddha. Kumbe hata Li Na halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alizaliwa Niu Zhihong. Mtu aliyekuwa na jina lake la pekee alichagua la jukwaani ambalo wasichana maelfu kwa maelfu walikuwa nalo tayari. Alichagua vizuri kwa masikio ya wasikilizaji: fupi, laini, linakaa kinywani.

Tazama hapo miaka ya kuzaliwa ya wanamichezo wale: 1981, 1982, 1984. Hiyo haikutokea bure. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuendelea, wazazi wa China walipenda jina la herufi moja tu baada ya jina la ukoo. Na herufi 娜, yenye maana ya umbo la kupendeza na mwendo wa madaha, ilikuwa ya kisasa kwa sababu ndiyo inayotumika kuandikia majina ya kigeni kama Anna. Weka herufi moja ya mtindo juu ya jina la ukoo lenye watu milioni 100, utavuna Li Na hadi ushangae. Wizara ya Usalama wa Umma ilipohesabu mwaka 2007, jina lililoongoza nchi nzima lilikuwa Zhang Wei: watu 290,607. Idadi hiyo ingejaza mji.

Sababu nyingine ni uchache wa malighafi. Majina matano ya ukoo, Wang, Li, Zhang, Liu na Chen, yanabeba karibu asilimia 30 ya wananchi. Na silabi za Kichina sanifu, ukiacha toni, ni kama 400 tu. Mtindo wa jina la herufi moja nao si mgeni: Wang Mang aliyetawala mwaka 9 hadi 23 alikataza majina ya herufi mbili, na tabia hiyo ikadumu kwa vizazi baada yake. Ndiyo maana mashujaa wa zama za Falme Tatu wanaitwa Cao Cao, Liu Bei, Sun Quan, Guan Yu: ukoo mmoja, jina moja, basi.

Kuna jambo hapa ambalo sisi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki tunalikosea kwa urahisi. Kwetu ujina ni urithi. Mtoto anaitwa jina la babu, bibi anamwita mjukuu "somo yangu", na jina linarudi nyumbani kama mgeni aliyesafiri. Tukiona Wachina wawili wa jina moja tunadhani mmoja kaitwa kwa ajili ya mwingine. China ni kinyume kabisa. Kumpa mtoto jina la babu yake ni kumkosea babu adabu. Jina la mkubwa halitamkwi ovyo, na la mfalme zamani lilikuwa mwiko hata kuandikwa: mfalme Li Shimin wa Tang alipofariki, wizara iliyoitwa Minbu ilibadilishwa ikawa Hubu, kukwepa ile min iliyokuwa katika jina lake. Kwa hiyo wajina wa Kichina hawajuani wala hawadaiani. Wamekutana njiani tu.

Liu Yang wawili wanaonyesha hilo vizuri. Herufi ni zile zile, 刘洋, na yang hiyo ni bahari kuu. Mmoja ni mwanamke aliyezaliwa mwaka 1978, Mchina wa kike wa kwanza kwenda anga za juu, Juni 2012 ndani ya Shenzhou 9. Akarudi tena huko 2022. Mwingine ni mwanamume aliyezaliwa 1994, mcheza sarakasi za viungo, bingwa wa Olimpiki wa pete mjini Tokyo na tena Paris 2024. Jina halikuambii hata jinsia. Ukitafsiri habari ya Liu Yang, Kiswahili kitakusitiri kwa "yeye", lakini ukisema dada au kaka bila kuhakikisha, umeumbuka.

Biashara nayo ina Zhang Yong wawili (张勇, ushujaa). Mmoja alianzisha mgahawa wa Haidilao huko Jianyang, Sichuan, mwaka 1994, akiwa na meza nne za huoguo, ule mchuzi unaochemka katikati ya meza na kila mtu anachovya nyama yake. Mwingine alikuwa mkuu wa Alibaba, kampuni ya biashara ya mtandaoni, tangu 2015 hadi 2023, ndiye aliyeanzisha mauzo ya bei ya punguzo ya tarehe 11 Novemba, mwaka 2009. Ndani ya Alibaba wafanyakazi walipeana majina ya utani, na la kwake lilikuwa Xiaoyaozi. Nje akajulikana kama Daniel. Ukimkuta Mchina ana jina la Kizungu, usidhani siku zote anajipendekeza kwa wageni. Mara nyingi ni njia ya kupumua, asichanganywe na wajina wake.

Na Wang Meng? Wa kwanza ni mchoraji wa enzi ya Yuan (王蒙), mjukuu wa mchoraji mkuu Zhao Mengfu, aliyefia gerezani mwaka 1385. Wa pili, herufi zile zile, ni mwandishi aliyezaliwa 1934, aliyeishi Xinjiang miaka mingi akajifunza Kiuighuri, kisha akawa waziri wa utamaduni mwaka 1986 hadi 1989. Wa tatu ni mwanamke, bingwa wa kuteleza barafuni, mwenye dhahabu nne za Olimpiki za 2006 na 2010. Yeye anaandikwa 王濛. Isogeze karatasi karibu na macho: ni herufi ile ile, ila kushoto ina vitone vitatu vya maji. Meng ile imekuwa mvua ya rasharasha. Sauti na toni ni sawa kabisa na ya mwandishi. Hapo sikio halikusaidii, macho tu.

Wachina wenyewe wamelihangaikia jambo hili tangu kale. Kuna kisa cha Zeng Shen, mwanafunzi wa Confucius, yule mwanafalsafa wa kale, aliyesifika kwa kumtii mama yake. Alipokuwa akiishi mahali paitwapo Fei, mtu mwingine wa jina lile aliua mtu. Jirani akamkimbilia mama: "Zeng Shen kaua mtu!" Mama yuko kwenye kitanda cha kufumia, akasema mwanangu haui mtu, akaendelea kufuma. Akaja wa pili, maneno yale yale. Mama kimya, anafuma. Alipokuja wa tatu, mama alitupa mpisho, akaparamia ukuta, akakimbia. Mama yule alimjua mwanawe kuliko mtu yeyote, na bado ujina ulitosha kumtoa nyumbani kwake. Mpaka leo "Zeng Shen kaua mtu" ni msemo wa uvumi unaorudiwa hadi ukaaminiwa.

Wanahistoria pia ilibidi wajipange. Siku za mwanzo za enzi ya Han kulikuwa na Han Xin wawili, wote wakubwa wa vita, wote wakimtumikia Liu Bang, mwanzilishi wa enzi hiyo, na wote wakauawa mwaka 196 kabla ya Kristo. Mmoja ni yule jenerali mashuhuri. Wa pili alikuwa mtawala wa eneo la Han (韩), ambalo si ile Han (汉) ya jina la enzi. Sima Qian alipoandika historia yake akamwita huyo wa pili Han Wang Xin, "Xin mfalme wa Han", na hivyo ndivyo anavyoitwa hadi leo. Mfalme Yuan wa enzi ya Liang, katika karne ya 6, alikusanya kabisa kitabu cha watu wa kale na wa sasa wenye majina sawa.

Lakini kisa kinachonigusa ni cha Han Hong, mshairi wa Tang. Usiku mmoja rafiki yake alimgongea mlango kumpongeza: umeteuliwa kuandika amri za mfalme. Han Hong akasema hapana, hii ni makosa. Rafiki akamweleza: mfalme Dezong aliandika "apewe Han Hong", lakini alikuwepo mwingine wa jina hilo, mtawala wa jimbo. Wakapeleka majina yote mawili, wakauliza yupi. Mfalme akaandika shairi zima lenye ule mstari wa mji wa masika ambamo hakuna pasipopeperuka maua, na chini yake: apewe Han Hong huyu. "Shairi hili si lako?" "Ni langu." Basi Han Hong akajua kwamba hapakuwa na makosa.

Sasa nije kwenye kazi yako. Kitu cha kwanza kuuliza ni herufi. Wachina wakijitambulisha huivunja herufi mdomoni: Zhang wa "gong chang", upinde na urefu (张), tofauti na Zhang wa "li zao", simama na mapema (章). Li wa "mu zi", mti na mtoto (李). Jifunze kuvunja hivyo. Ni stadi ya kila siku. Cha pili ni mwaka wa kuzaliwa, na cha tatu ni asili, mkoa na wilaya. Wasifu wowote wa Kichina huvitaja mapema, na sababu ndiyo hii. Kwenye hati rasmi tazama namba ya kitambulisho, tarakimu 18: sita za mwanzo ni eneo, nane zinazofuata ni tarehe ya kuzaliwa, na ya 17 ikiwa witiri ni mwanamume, ikiwa shufwa ni mwanamke. Na kumbuka ukoo hutangulia: ni Bwana Wang, kamwe si Bwana Wei.

Usione haya ni ya darasani tu. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kutafsiri katika mgogoro wa mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeagiza mashine za kushonea. Mkataba ulikuwa wa herufi za Kilatini peke yake: Zhang Wei. Malipo yameenda, mashine hazijafika, na kiwanda kinaapa hakijapokea hata senti. Niliomba nakala ya hati ya usajili wa kiwanda na nakala ya kadi ya benki, nikazilaza sambamba mezani. Mwenye kiwanda: 张炜, wei yenye moto upande wa kushoto. Mwenye akaunti: 张伟, wei yenye mtu upande wa kushoto. Toni moja, sauti moja, watu wawili. Yule mzee aliziangalia zile herufi mbili muda mrefu, akaweka kidole juu ya moto, kisha juu ya mtu, bila kusema neno. Tangu siku ile sitafsiri mkataba usio na hanzi, muhuri mwekundu wa kampuni na namba yake ya usajili yenye alama 18, tarakimu na herufi.

Wanasayansi wana shida hiyo hiyo, maana orodha za makala hufupisha majina hadi "W. Wang". Mwishoni mwa 2007 majarida ya Jumuiya ya Wanafizikia ya Marekani yaliruhusu waandishi wa Kichina kuweka hanzi pembeni ya jina, na tangu 2012 kuna ORCID, namba ya tarakimu 16 ya kila mtafiti aliyejisajili. Ukitaja mtafiti wa Kichina, tafuta namba hiyo.

Katika insha yako, mara ya kwanza unapomtaja andika hivi: Wang Wei (王维), mshairi wa enzi ya Tang, jina la heshima Mojie. Baada ya hapo Wang Wei peke yake yatosha. Mwalimu akikuuliza kwa mdomo ni yupi, jibu "san heng yi shu de Wang", mistari mitatu ya ulalo na mmoja wa wima, na "weihu de Wei", yaani Wei ya neno weihu, kutunza. Kisha, kabla hujaandika lolote, soma lile shairi lake la zizi la kulungu. Lina herufi 20 tu. Mlima mtupu, haonekani mtu. Kinachosikika ni mwangwi wa watu wakisema. Lisome kwa sauti, na toni zake zote.